Gunia Chini ya Kinu

Tu-twa. Tu-twa. Tu... twa.

Mlio ulimfikia Kristina kabla hajafumbua macho. Ulipenya ukuta wa udongo, ukapita kwenye blanketi, ukamgonga kifuani taratibu kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Alilala akiusikiliza. Kwa kitambo kidogo alikuwa na miaka saba, amejikunyata kitandani mwa mama yake, nje ukungu umejaa mpaka mlangoni, na mama anatwanga. Halafu kitoto chake Fina, kilichokuwa kwapani kwake, kikajinyoosha, naye akakumbuka kwamba mama yake, Maria, alikuwa amelala makaburini pa misheni, mwaka wa kumi na moja huu, na kwamba sasa mama ni yeye mwenyewe, mzazi wa siku ishirini na tatu.

Tu-twa. Tu... twa-twa.

Michi miwili, kinu kimoja. Mchi wa kwanza ulikuwa wa mtu anayejua kazi, unashuka kwa uzito wake bila haraka. Wa pili ulikuwa wa mwanafunzi: mara umechelewa, mara umewahi, mara umegonga ukingo na kuomba radhi. Na kinu chenyewe Kristina alikijua. Kila kinu kina sauti yake. Hiki kilikuwa kinu kikubwa cha marehemu mama, kilichopinduliwa chini ya upenu tangu siku ya matanga, na hakuna mkono uliowahi kukiinua tena.

Akafumbua macho ghafla. Si kwa sababu ya mama peke yake.

Kwao, huko juu Mgeta, mlio wa kinu katika nyumba ya mzazi ambaye hajatimiza arobaini ni sawa na mbiu. Mzazi hatwangi, hachoti maji, hakati kuni. Wakisikia kinu kwake, watu hujua neno moja tu: ametelekezwa, ameamka mwenyewe kujitafutia unga, na ukoo wake wote hauna haya. Huo mlio ungevuka bonde mpaka kwa Mjomba, kaka wa marehemu mama.

Ndiyo maana Kristina alikuwa akitwanga juu ya gunia.

Tangu siku ya saba alifanya hivyo. Alilikunja gunia mara nne, akaweka juu yake kile kinu kidogo cha jikoni, akafunga mlango na kutwanga polepole, mlio ukimezwa na katani. Alipomaliza aliufunga mlango wa jiko kwa kufuli, na ufunguo akaufundika kwenye pindo la khanga yake. Hata akilala, pindo lile lilikuwa kiganjani.

Wenye kupenda majina ya haraka wangesema ni kiburi. Lakini Kristina alikuwa na miaka kumi na miwili siku ya matanga aliposikia wanawake wakinong'ona, "Moto wa nyumba hii umezimika." Usiku ule aliinama kwenye mafiga, akapuliza makaa mpaka macho yakamvimba. Akamlea mdogo wake Stefano kwa moto ule mpaka alipokwenda shule ya wamisionari. Moto haukuzimika. Na haukuwahi kupulizwa na mtu mwingine.

Sasa alikuwa na mume. Au alikuwa naye mpaka siku tisa zilizopita.

Kasiani alikuwa fundi seremala, kijana wa tambarare ya Turiani, mwembamba kama mwiko, mwenye macho ya kucheka hata midomo ikiwa imefungwa. Siku ile alitoka kijitoni na beseni la nepi alizozifua mwenyewe. Njiani alikutana na Bi Hidaya, mke wa fundi cherehani, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kuwekewa mlango, naye akamwamkia, "Habari za asubuhi, Mama Fina?" Watu wakacheka, Kasiani akacheka nao. Habari zilipomfika Kristina, yeye hakucheka. Alimpokonya mumewe beseni, akazitumbukiza nepi zote majini na kuanza kuzifua upya, safi zilivyokuwa.

"Niachie," alisema. "Bado sijafa."

"Kwani msaada ni wa maiti?"

"Wanawake wanakuja kunisaidia mchana ukiwa kazini. Wewe shika randa yako."

Ulikuwa uongo. Na wanawake walipokuja aliwaambia mume wake anamfanyia kila kitu, warudi tu makwao wakapumzike. Uongo wa pili uliegemea wa kwanza kama vibanda viwili vilivyolemaa. Ukivuta kimoja, vyote chini.

Kasiani aliikausha mikono yake kwenye suruali. "Nilihama kwetu nikaja kuishi kwenye ardhi ya ukoo wako, kama ilivyo desturi yenu. Sikuona haya. Lakini humu ndani mimi ni mpangaji. Siku utakayoona kwamba mimi ni mumeo, niite." Akachukua koti lake la kahawia, akateremka mlima.

Kristina hakumwita. Angemwitaje? Lakini kila jioni alipokuwa akichota maji, alilisema jina lile bila sauti, na ndoo ikajaa hadi ikafurika.

Na Jumatano iliyopita mizani ya zahanati ilisema lake. Sista alitazama kadi, akatazama mizani, akatazama kadi tena. Mtoto alikuwa amepungua.

"Mama, unakula? Unalala?"

"Ndiyo, Sista."

"Ukija Jumatano ijayo hali ikiwa hii, tutawashusha Morogoro, hospitali kubwa. Umenisikia?"

Alisikia. Maziwa yalikuwa yanamkauka, naye alijua. Kadi aliificha katika kitabu cha nyimbo, kwenye nyimbo za Majilio, zile za kabla ya Krismasi, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Juni na hakuna mtu ambaye angezifungua.

Tu-twa. Tu-twa.

Aliinuka, akaweka jicho kwenye ufa wa dirisha.

Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya matuta ya kabichi, na ndani yake, kama mtu aliyechorwa kwa mkaa, alisimama Kasiani. Koti la kahawia lilikuwa limetundikwa kwenye mti wa plamu. Pumba zilikuwa zimemjaa nywelani, jasho linamshuka shingoni na baridi yote ile ya asubuhi. Alikuwa amekonda. Kristina alitaka kucheka, akataka kulia, akataka kumrushia kitu. Ndipo alipomwona wa pili, mwenye mchi unaojua kazi, khanga ameifunga kiunoni kama mtu aliyekuja kwa siku nyingi.

Mama Theresia. Mama mkwe.

Siku ya harusi, mwanamke huyu alikaa mwisho wa meza, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kwetu mwanamume huoa. Huku nimeleta mwanangu kuolewa." Naye Mjomba Bartholomeo, mkubwa wa ukoo, akajibu kutoka upande wa pili, "Mtu wa tambarare hata akipanda mlima, pumzi huiacha chini." Keki ilikatwa katikati ya maneno hayo mawili. Tangu siku hiyo Mama Theresia hakukanyaga Mgeta.

Kasiani aliinua macho kuelekea dirishani. Haiwezekani kwamba aliliona jicho moja kwenye ufa mwembamba vile. Lakini alitabasamu, mchi ukampita, ukagonga ukingo.

"Tazama kinu, baba," Mama Theresia alisema. "Mke wako hahami."

Kristina alifunga khanga vizuri, akambeba Fina, akatoka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumemwamsha mtoto?"

"Hakuwa amelala sana."

"Kama mama yake, basi." Mama Theresia hakuacha kutwanga. "Mpunga huu ni wa shambani kwangu. Nimesikia huku mnakula magimbi na njegere. Vyakula vizuri. Lakini mzazi anataka uji wa mchele wenye pilipili manga. Tumekuja na lori la kabichi, limetushusha alfajiri pale barabarani. Linarudi mjini saa tisa."

Kristina alimgeukia mumewe. Maneno aliyoyatayarisha siku tisa yalikuwa mengi. Lililotoka lilikuwa moja.

"Sikukuita."

"Najua," Kasiani alisema. "Nimejiita mwenyewe."

"Na hicho kinu ni cha mama yangu."

"Hicho najua pia. Kabla sijakiinua nilikwenda makaburini, nikamwomba ruhusa." Aliufuta mchi kwa kiganja. Ulikuwa mpya, alama za patasi bado zinaonekana. "Nilitaka kinu kinachobeba michi miwili. Huu nimeuchonga Turiani, siku tatu, nikimngoja mama akubali kupanda lori."

"Siku tano," Mama Theresia alisahihisha. "Mimi si mtu wa siku tatu."

Kristina aliuma mdomo ili usicheke. "Nashukuru, Mama. Kwa kweli nashukuru. Lakini mmejisumbua. Mimi sijashindwa."

"Nani kasema umeshindwa?"

"Uji nitapika mwenyewe."

Kasiani aliegemeza mchi begani. Alikuwa na tabia moja ambayo Kristina aliipenda kuliko zote, na kwa hiyo ilimkasirisha kuliko zote: maneno yakimwelemea huyapanga mistari. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza akipiga randa, mbao moja mstari mmoja. Sasa alikohoa kuutoa ukungu kooni, akasema kama anayezungumza na kinu:

*Mchi mmoja kinuni, mkono huchoka mara,*
*Miwili ikiwa ndani, hupokezana imara,*
*Nifungulie jikoni, tuliza yako hasira,*
*Mimi si wako mgeni, natwanga bila ujira.*

Uso wa Kristina ulipata moto. Alijifanya anamrekebisha mtoto kofia. "Umeyatunga kwenye lori?"

"Juu ya magunia matupu ya kabichi. Baridi kali."

"Yanasikika hivyo," alisema, lakini sauti yake haikuwa na makali.

Hapo ndipo Mjomba Bartholomeo alipotokeza kwenye kona ya njia. Alikuwa amevuka bonde zima kwa haraka; vifungo vya shati vilikuwa vimekosana kwa tundu moja, na bakora aliishika kwa kati kama mtu aliyekusudia kuitumia. Nyuma yake alikuja Bi Hidaya, mzigo wa kuni kichwani.

"Tumsifu Yesu Kristo," Mama Theresia alisema.

"Milele amina," Mjomba alijibu kwa mazoea, kisha akakumbuka kwamba amekuja na hasira. "Nani anatwanga katika nyumba ya mzazi? Mpwa wangu ana siku ishirini na tatu tu. Kijiji kizima kinasikia. Mnataka watu waseme ukoo huu..." Alimwona Kasiani. Alimtazama kuanzia pumba za nywelani hadi vidoleni. "Mkwe. Hicho ni nini?"

"Mchi, Mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Naona ni mchi. Nauliza umefikaje mikononi mwa mwanamume."

"Umepanda lori, Mjomba."

Bi Hidaya alicheka mpaka kuni zikayumba. "Mwache atwange, Mzee Bartholomeo. Hayo ndiyo mazoea yake. Si ndiye anayemtwangia Kristina tangu siku ya saba?"

Kasiani aligeuka. "Mimi?"

"Wewe, shemeji. Sisi tulipokuja tuliambiwa, nendeni makwenu, mume wangu ananitosha. Tukasema, haya, wenzetu wamebahatika."

"Mimi nilikuwa Turiani, leo siku ya tisa. Na hata nilipokuwapo hakuniruhusu. Aliniambia ninyi ndio mnaokuja kila mchana."

"Sisi? Tangu siku ya saba sijakanyaga uwanja huu ila kupita. Juzi kaniambia umekwenda mjini kununua misumari."

"Misumari ya siku tisa?"

Vibanda viwili vikaanguka pamoja. Michi ilisimama. Macho yote manane yalimgeukia Kristina, naye akayatazama matuta ya kabichi kana kwamba ndiyo anayahesabu.

"Basi nani alikuwa anatwanga?" Mjomba aliuliza taratibu. "Mbona hatukusikia kinu?"

Fina ndiye aliyemwokoa, au ndiye aliyemtoa hadharani. Mpaka leo Kristina hajui lipi. Mtoto alianza kulia, kilio chembamba kisicho na nguvu. Kristina alikaa kizingitini, akajifunika khanga, akamnyonyesha. Wanaume walitazama pembeni. Mtoto alivuta, akavuta, akaachia, akalia. Akavuta tena. Akaachia.

Mama Theresia alikuwa ameegemea mchi wake, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anasikiliza.

"Mtoto anayemeza husikika," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini kabisa. "Huyu sijamsikia."

Kristina alitaka kusema ni baridi. Alitaka kusema ameshiba. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kweli, kwa sababu uongo ulikuwa umemwishia. "Amepungua, Mama. Jumatano walimpima. Wakimpima tena na hajaongezeka, watatushusha hospitali kubwa." Alivuta pumzi. "Kadi imo kwenye kitabu cha nyimbo. Kwenye Majilio."

Kasiani aliuachia mchi. Ulianguka chini kwa kishindo, naye akapiga hatua moja, akasita. Hata sasa alisita, kwa kuwa hakuwa ameitwa. Kristina alikuona kule kusita, na kulimuuma kuliko kama angemgombeza.

"Nipeni ufunguo wa jiko," Mjomba aliamuru, macho kwenye fundo la pindo lake. "Kristina, fundua hiyo khanga sasa hivi."

"Asiamrishwe mtu," Mama Theresia alisema. "Wewe ni mkubwa wa ukoo, kaka yangu, lakini ufunguo wa jiko si wa ukoo." Aliketi kizingitini kando ya Kristina. Hakunyoosha mkono. Aliuweka gotini, umefunguka, kama mtu anayengoja mvua. "Mwanangu, mimi nitasema mara moja tu. Ukiniambia niondoke, lori ni saa tisa, na sitakuwa na kinyongo. Nilikukosea siku ya harusi yako, na mtu aliyekukosea huna deni la kumfungulia mlango."

Kristina alilishika pindo lake. Fundo lilikuwa dogo na gumu, limekaza kwa jasho la siku kumi na sita. Alijaribu kulifungua kwa mkono mmoja, akashindwa. Mkono wa pili ulikuwa umemshika mtoto. Alijaribu kwa meno. Halikukubali.

"Kasiani," alisema.

Ilikuwa sauti ndogo sana. Lakini mumewe alifika kabla halijamalizika jina, akapiga magoti mbele yake, akainamisha kichwa chake chenye pumba, akalifungua fundo lile kwa vidole vyake vya kazi. Alichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ufunguo ulipoanguka kiganjani mwake, aliubusu mkono wa mkewe, haraka, Mjomba asione.

Mjomba aliona. Akakohoa, akaanza kurekebisha vifungo vyake.

Ufunguo ulikwenda kwa Mama Theresia, naye akaingia jikoni. Walimsikia akifungua dirisha. Kisha akatoka, na mkononi alikuwa amelishika gunia, limekunjwa mara nne, na katikati yake kuna shimo la duara lililochimbwa na kitako cha kinu.

Bi Hidaya aliweka kuni chini. Alilisogelea lile shimo, akaligusa kwa kidole. "Toba," alisema tu. "Tulidhani unaishi na mume, kumbe mwenzetu unaishi na gunia."

Kristina alifumba macho akingoja aibu. Aibu haikuja. Kilichokuja ni harufu ya pumba na moshi wa lori, na bega la Mama Theresia likigusa lake.

"Gunia hili nalijua," Mama Theresia alisema. "Langu lilikuwa la sukari."

Kristina akafumbua macho.

"Nilimzaa huyu Kasiani nikiwa mgeni kwa mume. Nilitaka waone mwanamke kamili. Nikatwangia juu ya gunia, usiku mama mkwe akiwa amelala. Siku ya thelathini maziwa yakakauka kama kisima cha Oktoba. Mumeo huyu amekua kwa maziwa ya mbuzi. Ndiyo maana mpaka leo hapiti kwenye majani bila kuyachuma."

"Mama," Kasiani alisema.

"Sijawahi kumwambia mtu. Baba yako amekufa hajui." Akamgeukia Kristina. "Na wewe ulimwonea nani haya?"

"Si haya tu, Mama." Machozi yalikuwa yakishuka, na ajabu, hayakuwa machungu. "Nikisali Rozari, nikifika kwenye kuzaliwa kwa Bwana, najiambia: Bikira Maria alijifungulia zizini. Hakuna aliyemchemshia maji. Hakulalamika. Mimi nina nyumba, nina bati, nilalamike kwa lipi?"

Mama Theresia alifikiri. "Na Yosefu alikuwa wapi?"

"Alikuwepo."

"Alikuwepo akifanya nini? Kwenye picha ya kanisani amesimama na fimbo, sawa. Lakini wewe umeishi na seremala. Unamjua seremala anayeweza kusimama saa nzima bila kugusa kitu?" Kasiani alianza kucheka. "Maji alichemsha yeye, mwanangu. Aliyechora hakuwepo. Na Bikira Maria huyo huyo alipanda milima kwenda kwa Elizabeti, akakaa miezi mitatu. Ulidhani alikuwa anahesabu boriti? Alikuwa anachota maji. Na Elizabeti, mke wa kuhani, alimwachia ndoo."

Mjomba Bartholomeo alitikisa kichwa. "Hilo la miezi mitatu limeandikwa," alikiri. "Hata mahubiri ya Padri hayajawahi kufika kwenye ndoo." Aliitazama bakora yake kana kwamba ameisahau kazi yake, akaiegemeza ukutani. Akauokota mchi mpya, akaupima uzito. "Mti gani huu?"

"Mkongo, Mjomba."

"Mzito." Akatazama huku na huku, bondeni na mlimani. "Hidaya, ukimwambia mtu yeyote..."

"Mimi? Mimi sioni kitu, Mzee. Kuna ukungu."

Na mkubwa wa ukoo akatwanga.

Kristina alilala. Hakukumbuka alivyofika kitandani, alikumbuka tu bakuli la uji, pilipili manga ikimchoma koo kwa utamu, na sauti ya Mama Theresia ikisema, "Ukimaliza hilo, la pili liko njiani." Alilala bila pindo kiganjani. Alilala kama jiwe lililotupwa ziwani, na mara mbili tu alihisi mtoto akiwekwa kifuani na kuondolewa.

Alipoamka jua lilikuwa limekwisha kuzitoa kabichi kwenye ukungu. Sauti za nyumba zilimjia moja moja: ungo ukipepeta, kuku wakigombania pumba, Bi Hidaya akimfokea Mjomba kwamba mchele haupepetwi kama mtu anayefukuza nzi. Kutoka barabarani, mbali, lori lilipiga honi yake ya saa tisa. Likapiga tena. Ungo haukusita hata kidogo.

Khanga yake ilikuwa imelowa kifuani. Aliigusa, akaigusa tena, akacheka peke yake.

Kasiani aliingia na Fina mikononi. Alikuwa na vibanio vitatu vya nguo kwenye ukosi wa shati na povu la sabuni mpaka kiwikoni. Alisimama mlangoni.

"Nimezianika zote," alisema. "Ukitaka kuzifua upya, ziko kwenye kamba."

"Zimetakata?"

"Bi Hidaya amezikagua. Ameniita Mama Fina mara nne."

"Na wewe umemjibuje?"

"Nimeitika." Alimkabidhi mtoto, akaketi ukingoni mwa kitanda, kwa mbali kidogo, kama mpangaji ambaye bado hajaambiwa kodi imefutwa. "Gunia nimelitia kiraka, nikalijaza pumba za kuku. Natumaini halikuwa na kazi nyingine."

"Halina kazi tena."

Fina alitafuta, akapata, akavuta. Na katika kile chumba kidogo, wote wawili wakasikia. *Gudu. Gudu. Gudu.* Mlio mdogo kuliko wa kinu, mdogo kuliko wa saa ya mkononi. Kasiani aliacha kupumua ili usimpite. Macho yake, yale ya kucheka, yalijaa maji, wala hakuyaficha.

"Anameza," alinong'ona.

"Anameza."

Walikaa wakiusikiliza kama watu wa mjini wanavyosikiliza redio. Kristina alimtazama mumewe: pumba nywelani, lengelenge jipya kwenye kiganja, shingo iliyokonda kwa siku tisa. Aliwaza jinsi alivyopiga hatua moja uani, akasita kwa sababu hakuwa ameitwa. Akanyoosha mkono, akamvuta kwa ukosi wa shati mpaka vibanio vikaanguka, mpaka bega lake likagusa kichwa cha mtoto na paji la uso wake likagusa lake yeye. Mlango ulikuwa wazi. Uani ungo ulinyamaza ghafla, watu watatu wakajifanya hawasikilizi.

"Kasiani," alisema, kwa sauti ya kufika uani na kuzidi, "nakuahidi mbele ya mtoto huyu. Siku nikichoka, nitakuita. Nitakuita kwa jina lako, mlango ukiwa wazi hivi hivi, hata kama Bi Hidaya yuko kijitoni na Mjomba yuko ng'ambo ya bonde. Sitakuacha tena ujiite mwenyewe."